Asha Alipodhani Nimekuwa Mjomba Wake

Jamani, mimi nilikuwa mtu wa shughuli. Miaka ile wakimbizi wa Burundi walipokuwa wakishuka ufukweni na mabunda yao, nilikuwa naanika dagaa Ujiji tangu alfajiri. Mchana tunakula sinia moja: mimi, mume wangu na binti yetu Asha, wa miaka sita. Ugali wa muhogo, samaki wetu wa ziwani, migebuka, kwa mawese. Asha akiiba minofu ya upande wangu, nampiga kikofi cha mkono, tunacheka. Naitamani ile michana mpaka leo.

Ilianza kwenye fizi. Nikipiga mswaki, damu. Hedhi ikaja, haikatiki, siku ya kumi na mbili nalowesha khanga. Mapajani mabaka meusi. Nikaanguka juu ya dagaa wangu. Daktari akasema, "Mama, uboho wako, ule ute wa ndani ya mifupa, umeacha kutengeneza damu. Tukupandikize wa ndugu yako." Kaka yangu Hamisi akapimwa, tukalingana. "Chukueni," akasema, "nimezoea kunyang'anywa na huyu."

Hospitali ilikuwa mbali, nikakaa miezi mitano. Dawa za kuua uboho wa zamani zilininyonyoa nywele, zikanichubua kinywa, nikashindwa kumeza hata mate. Niliharisha kitandani, nikalia kwa aibu. Kisha uboho wa Hamisi ukaingia kwa dripu, ukashika. Daktari akanitania, "Sasa damu yako ni ya kaka yako." Nikawasimulia nyumbani kwa simu nikicheka. Kumbe Asha anasikiliza.

Nilirudi na upara, barakoa usoni na masharti: sahani yangu peke yangu, nisikumbatiwe ovyo, kinga bado changa. Na kwetu anayekaa mbali na sinia amesusa. Asha akaniamkia "Shikamoo" ya mgeni, akakimbilia kwa Domitila, jirani yetu Mrundi aliyemlea nilipokuwa sipo. Miezi miwili hivyo. Roho iliniuma. Nimepona kwa ajili ya nani?

Siku moja Domitila akanijia. "Mama Asha, mtoto anasema wewe si wewe. Anasema amerudi mjomba. Kila siku analia kwangu, anamtaka mama yake."

Lahaula! Nikamwita Asha. Akasimama mlangoni.

"Kama wewe mama, mimi nilizaliwa wapi?"

"Ndani ya bajaji, tunatoka soko la Mwanga, mvua inanyesha. Ulilia, na dereva akalia kukushinda."

Akafikiri. "Mjomba hajui hiyo."

Akaja, akanilalia mapajani. Sikumzuia.

Alhamdulillahi, leo damu inatosha, nywele zimeota. Namshukuru Mungu, madaktari, Hamisi na Domitila. Nawe uliye wodini, usikate tamaa, watu tunapona. Ila ukirudi, mweleze mwanao kwa nini unakula peke yako. Mimi sikumweleza. Wangu alinililia miezi miwili nyumba ya pili, nami nipo.