Uduvi Niliouita Kumbikumbi

Naikumbuka vizuri siku ile, mwanangu, ingawa ni ya miaka ya arobaini na mimi nilikuwa kijana mwenye majivuno. Nilifundisha shule ndogo ya misheni karibu na Chwele. Kitabuni tukakutana na neno la Kiingereza, "shrimp". Sikulijua. Badala ya kusema hivyo, nikawaambia wanafunzi ni kumbikumbi wa Kizungu, nao wakaandika.

Nasimiyu, msichana pekee darasani, akainua mkono.

"Mwarimu, mjomba anapika huko Mombasa. Anasema hao wanatoka baharini, si kwa kichuguu."

Wenzake wakacheka, nami nikamfukuza darasani, ati hana adabu. Kesho yake hakuja, wala wiki nzima. Baba yake, Mzee Wekesa, alimruhusu kusoma shingo upande tangu mwanzo. Sasa akasema basi, binti abaki nyumbani alime.

Nilikosa usingizi. Jumamosi nikaendesha baiskeli mpaka Kitale, kwa mwalimu mmoja aliyekuwa na kamusi kubwa. Kumbe ni uduvi, wale viumbe wadogo wa baharini wenye gamba laini na miguu mingi, ambao watu wa pwani huwakausha. Kamusi ilisema jina hilo la Kiingereza lina undugu na neno la kale la kusinyaa, na Waingereza humwita hivyo hata mtu mwenye umbo dogo. Mimi mwenyewe, kama unionavyo, si mrefu. Niliona aibu kweli kweli.

Nikaenda kwa Mzee Wekesa kuomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mtoto urimwaibisha mbere ya watu," akasema. "Sasa kwangu unakuja kunong'ona? Enda useme kure kure."

Jumatatu nikasimama mbele ya darasa. Nikasema nilidanganya, na Nasimiyu ndiye aliyesema kweli. Mzee alikuwa mlangoni na bintiye. Akamsukuma taratibu aingie, kisha akaenda zake shambani bila kuniaga.

Mwanangu, usilolijua sema hulijui, siku hiyo hiyo. Na ukimvunjia mtu heshima hadharani, usimwombe radhi pembeni. Mpaka leo naogopa nikifikiri kwamba mtoto yule angeacha shule kwa sababu ya uongo wangu mdogo.

Mungu akupe ujasiri wa kukiri kosa, na akuzungushie watu wasioogopa kukusahihisha.