Buibui wa Chini ya Zulia

Walimwita Mama Vifungo kwa sababu alishonea nguo za watu sebuleni kwake, na vifungo vilikuwa vimetapakaa kila pembe. Mumewe alikuwa mwashi, mtu wa kushinda pekupeku kwenye saruji, na haambiliki.

Siku mwashi alipoona kidonda kisiginoni, hakukumbuka kujikwaa popote. Akainua zulia, akakuta kifuko cheupe cha uzi laini kimegandia sakafuni. Buibui wa kahawia akachomoka humo mbio. Ni wa ule ukoo usiotandaza utando: hukimbia chini kwa chini, hulala na kutaga ndani ya vifuko.

"Huyu ndiye kaniuma," akasema. "Nyumba haifagiliwi hii!"

Mama Vifungo alikuwa akifagia asubuhi na jioni. Hata hivyo akafagia tena, akamwaga mafuta ya taa kandokando ya kuta, akaponda vifuko pamoja na mayai yake. Kidonda kikazidi kupanuka, kikaanza kunuka.

"Baba, twende hospitali. Kiu haikuishi, kutwa uko chooni. Hilo si jino la buibui."

"Umekuwa daktari lini? Shona nguo zako."

Mama mkwe akaja kumwona mwanawe. Akapitisha kidole juu ya kabati, akakitazama, akaguna.

Mwishowe vibarua wenzake ndio waliombeba mwashi hadi hospitali, homa imempanda, hajui hili wala lile. Daktari akapima damu. Ilikuwa sukari, na ilikuwa imemla kwa muda mrefu.

"Buibui hajafanya lolote hapa," daktari akamwambia mwashi mbele ya mkewe, homa ilipotulia. "Mngewahi, mguu ungepona."

Ukakatwa chini ya goti.

Mama Vifungo alidhani angalau yeye ametoka lawamani. Lakini wageni walipokuja nyumbani kutoa pole, mama mkwe akawahi kueleza: "Mwanangu kaliwa mguu na buibui. Uchafu mbaya, jamani."

Macho yote yakamgeukia mke. Yeye akamtazama mumewe, aliyemsikia daktari kwa masikio yake mawili.

Mwashi akageukia ukutani. "Wamejaa humu ndani," akasema.

Wageni walipoondoka, akamrushia mkewe suruali yake ya kutokea.

"Fupisha mguu mmoja. Na ushone vizuri, nisichekwe."

Mke akakaa kwenye cherehani, akakata, akapinda, akashona vizuri. Mwashi akamwita alete maji. Akamwita tena. Mama Vifungo alisikia, akaendelea kukunja suruali.