Uso wa Nilza Si Bodi ya Gari

Saa tatu asubuhi, na Nilza Lourenco ameshagombana na mlango wa gari. Anausugua kwa msasa kana kwamba umemtukania mama yake. Vumbi la rangi kuukuu limemjaa nyusi, na mwenye gari, aliyekuja kuulizia tu, anarudi nyuma hatua mbili.

"Mikwaruzo hii naiondoa kwa sababu mwenyewe ameomba," anafoka bila kuinua kichwa. "Uso wangu mimi, nani aliomba?"

Nilza, mwenye miaka ishirini na sita, ni fundi rangi katika gereji moja ya Ufukoni, mjini Mtwara. Siku nzuri anaondoka na shilingi elfu ishirini. Siku mbaya anaondoka na harufu ya rangi tu. Jioni magari yakisogezwa, gereji inageuka ukumbi wa Rangi Mbichi, bendi ya watu watatu: yeye kwenye gitaa na sauti, Erasto wa bandarini kwenye dramu, na Sudi, fundi umeme wa magari, kwenye besi.

Wanapiga roki, tena ya makelele. Gitaa linakwaruza, nguo zinameta, viatu vina soli nene kama matofali. Majirani walilalamika mpaka wakachoka, sasa wanakuja kucheza.

Albamu yao ya kwanza, *Bati Linavuja*, imewala miaka miwili. Waliirekodi humohumo gerejini, na ukitega sikio utasikia spana ikianguka.

Nyusoni walikuwa wakijichora nyota, kama walivyoona kwenye video za Wazungu. Siku moja Bi Carlota, bibi yake Nilza anayeishi naye, akamtazama mjukuu wake akauliza, "Hizo nyota ni za ukoo gani?"

Nilza akacheka. Bibi hakucheka. Alichukua brashi nyembamba na vipodozi vya rangi ya fedha, akamkalisha mjukuu kwenye tairi, akamchora chale za Kimakonde mashavuni na kwenye paji la uso. Ni zilezile alizochanjwa yeye usichanani huko Msumbiji, kabla vita havijamvusha mto Ruvuma hadi Kilambo, upande wa Tanzania.

Chale hizo Bi Carlota amezificha tangu afike Mtwara. "Sokoni walinicheka," anasema. "Watoto wanakimbia, mama zao wanacheka. Basi nikaanza kuvuta kanga mpaka hapa." Anagusa chini ya macho. Sokoni, msibani, hospitalini, miaka yote hiyo ni kanga.

Sasa sikia walichofanyiwa. Picha ya jalada walipiga Nilza akiwa na chale hizo, na Godfrey, msambazaji wa muziki wa Dar es Salaam, akairudisha ikiwa tayari. Nyota za Erasto zipo. Za Sudi zipo. Uso wa Nilza umefutwa chale zote, mlaini kama yai.

"Ananiambia, 'Dada, tumekusafisha kidogo, ile michoro ya kishamba.' Kunisafisha! Kwani nilikuwa mchafu? Mimi bodi ya gari aninyooshe? Mshenzi mkubwa!"

Godfrey alisema bila jalada lile hatoi albamu. Erasto akataka wakubali yaishe. "Nyimbo si zilezile?" alimwambia Nilza. "Miaka miwili, jamani!" Nilza akamtoa kwenye dramu kwa matusi, na wiki nzima hawakusemeshana.

Aliyemaliza ugomvi ni Bi Carlota. Nilza alimwonyesha ile picha kwenye simu, gerejini, Erasto akiwa pembeni.

"Huyu nani?" bibi aliuliza.

"Mimi, Bibi."

"Basi mimi niko wapi?"

Erasto akainama akajifanya anafunga kamba za viatu visivyo na kamba. Jioni ile yeye ndiye aliyempigia Godfrey, na aliyomwambia hayaandikiki gazetini.

Albamu itatoka bila Godfrey. Itazinduliwa gerejini Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kisha Nilza anataka waipige ng'ambo ya Ruvuma, alikozaliwa bibi yake. Hasira zimeisha? "Wapi! Na sitaki ziishe, ndizo zinazonipigia gitaa."

Jalada ni jipya. Sudi amempiga picha Bi Carlota akiwa kwenye tairi lilelile, kanga begani, uso wazi, chale zote nje.

Mchapaji alipouliza ukubwa wa picha, bibi alijibu kabla ya bendi.

"Ichape kubwa," alisema. "Walionicheka sokoni wamezeeka sasa. Hawaoni vizuri."