Nyonga za Taulo

Siku wakwe walipotoka Kitale kuja kwetu Bungoma kuniona, aliyenivisha alikuwa shangazi, dada ya baba. Kwetu hiyo ni kazi ya shangazi. Mama mzazi hubaki jikoni na kuku wake. Nilikuwa mwembamba, mifupa mitupu, naye akanizunguka kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani.

"Hii watasema kwetu hakuna chakula," alisema. "Ama ati uko mgonjwa."

Akanivalisha kamisi mbili za nailoni, na katikati yake akashonea vipande vya taulo, nyongani na makalioni. Sidiria ilitoka dukani kwa Mhindi, zile za zamani za vikombe vilivyochongoka. Akavijaza pamba. Niliingia sebuleni polepole, taulo lisije likashuka. Wakwe walifurahi, picha ikapigwa. Nilimchukia kila aliyetabasamu, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyekuwa ameniona mimi.

Mwaka huu zamu ikawa ya binti yangu, hapa Kitale. Yeye amejaa bila taulo, mwili ambao shangazi angeupigia vigelegele enzi zile. Lakini alikuwa amenunua mtandaoni vazi la mpira la kubana, kutoka chini ya matiti hadi mapajani, lenye vifungo mgongoni. Mume wangu hana dada, kwa hivyo shangazi yangu, sasa ajuza wa mkongojo, ndiye aliyeletwa kusimamia.

"Kaza hapo," aliniamuru. "Tumbo isionekane. Siku hizi hawataki msichana mkubwa."

Mdomo ni ule ule! Nilitamani kumtoa nje na mkongojo wake.

Binti alishikilia kitanda, jasho likimtoka. Kifungo cha mwisho kilikuwa hakifiki.

"Mum, vuta tu, bana. Si hii mahips nilitoa kwako? Nimeona ile picha."

Picha hiyo iko ukutani sebuleni tangu kabla hajazaliwa. Kumbe miaka yote alikuwa akiitazama na kuamini kwamba mwili anaouchukia ameurithi kwangu.

"Ile ni taulo, mwanangu," nikamwambia. "Muulize aliyeshona."

Akamgeukia shangazi. Bibi huyo hakukana wala hakuona haya.

"Na si aliolewa?" akasema.

Nje wageni walikuwa wameanza kupiga hodi. Binti alinitazama kwa muda, kifuani, kiunoni, kisha akageuka akashika kitanda tena.

"Kaza, Mum."

Nikakaza.