Swichi Mbili za Korido

Mama yangu, Atuganile, aliolewa mwaka 1943, na kwa miaka kumi na minne hakuwahi kuuona uso wa baba mkwe wake. Aliijua miguu yake, kofia yake kwa mbali, kikohozi chake, na sauti ya fimbo yake kwenye changarawe. Akisikia kikohozi kile aliingia migombani, au aligeukia ukuta na kujifunika kanga mpaka mzee apite. Chakula cha mzee alikipika yeye, lakini kilipelekwa na mikono mingine. Jina la mzee, Yotamu, halikutoka mdomoni mwake hata siku moja.

Kwetu Wanyakyusa jambo hilo linaitwa kutila. Binti mkwe na baba mkwe hawaonani, hawasemezani, hawalali chini ya paa moja. Kufikia miaka ile Wakristo wengi walikuwa wameanza kuliacha. Mama aliimba kwaya, alisoma mpaka darasa la nne, alishona kwa cherehani yake mwenyewe, na hakuliacha. Hakumhubiria mtu wala hakujitetea. Alilishika tu, kama anavyoshika mtu desturi ya kunawa mikono.

Mwaka 1957 baba, Lutengano, aliyekuwa karani wa ghala la kahawa, alimaliza kujenga nyumba ya matofali ya kuchoma pembeni mwa mji wa Mbeya. Nguzo za umeme zilipita nyuma ya kiwanja chetu kuelekea kwenye kiwanda cha mbao, na baba akapata ruhusa ya kuvuta waya. Mwaka huohuo bibi alifariki huko kijijini Masoko. Babu akabaki peke yake, macho yakimfifia, na daktari alitaka aje hospitali kila mwezi. Baba akaamua: mzee atahamia kwetu.

"Nitajengewa kibanda nyuma?" mama aliuliza. Alikuwa na maana kwamba yeye ndiye atalala kibandani.

"Nyumba ni moja," baba akasema. "Mke wa karani, eti analala nje kama mlinzi? Watu watanicheka."

"Karani ni wewe, baba Ikupa," mama akasema, akimwita kwa jina langu. " Mimi ni mkwe wa mtu."

Nyumba ilikwisha kuezekwa bati. Ilikuwa na sebule mbele, jiko na bafu nyuma, na katikati korido nyembamba isiyo na dirisha, vyumba huku na huku. Chumba cha babu kilikuwa karibu na sebule. Ili afike bafuni ilimbidi apite korido. Ili mama apeleke chakula mezani ilimbidi apite korido hiyohiyo. Tumaini pekee lililombakia lilikuwa giza.

Fundi wa waya alikuja kwa basi kutoka Iringa. Aliitwa Filemoni Kalinga, Mhehe mrefu, mpole, aliyejifunza kazi kwa Singasinga mmoja na kuweka taa katika nyumba nyingi za Wahindi na Wazungu. Kwetu ilikuwa mara yake ya kwanza kuweka umeme kwa Mwafrika, na alitaka kazi iwe safi kuliko zote. Alitembea na chaki mfukoni. Msalaba mdogo ulikuwa taa, duara lilikuwa plagi, mstari ulikuwa swichi.

"Fundi," baba alimtania siku ya kwanza, "huko kwenu Iringa mna taa, au mnawasha ule ulanzi wenu, pombe ya mianzi?"

"Ulanzi hauwaki, bwana. Ungekuwa unawaka, Iringa yote ingeonekana kutoka hapa."

Alikuwa na njia yake ya kupanga. Hakumwuliza mtu swichi aiweke wapi. Alimpa mama ndoo tupu na kumwambia aingie kila chumba akiwa amefumba macho, kama anavyoingia jioni akitoka bombani. Mkono mtupu wa mama ulipogusa ukuta, fundi alipiga mstari wa chaki hapohapo. Plagi ya pasi aliiweka karibu na dirisha, kimo cha meza, kwa sababu mama alimwambia sakafu yake inapigwa maji kila Jumamosi. Ya redio ikawa sebuleni, upande wa kiti cha baba. Mama alianza kuifurahia kazi ile. Nilimwona akifumba macho hata alipokuwa hajaambiwa.

Walipofika kwenye korido alifumbua.

"Hapa usiweke kitu," akasema.

"Mama, hapa ndipo penye giza kuliko pote."

"Najua."

"Mzee macho yake ni mabovu, nimeambiwa. Atajikwaa."

"Atapazoea. Anapapasa ukuta."

"Hata globu ndogo?"

"Fundi, nimesema."

Filemoni akarudisha chaki mfukoni. Jioni alimweleza baba, naye baba akacheka kidogo. "Wanawake wanaogopa umeme," akamwambia. "Weka. Ataizoea." Mama alikuwa nyuma ya nyumba akianika nguo na hakusikia. Mimi nilisikia, nikafikiri ni utani wa watu wazima.

Ijumaa mama alikwenda sokoni. Filemoni akatumia siku ile kuweka kitu alichokionea fahari: taa moja katikati ya korido, na swichi mbili, moja mlangoni mwa jiko, nyingine mlangoni mwa chumba cha babu. Aliyeiwasha huku aliweza kuizima kule. Mama aliporudi na kikapu aliitazama globu ile kwa muda mrefu, kikapu kikiwa bado begani.

"Haitawashwa," baba akaahidi. "Ipo tu."

Umeme uliunganishwa Jumatatu. Babu akaletwa Jumatano kwa gari la ghala, akiingilia mlango wa mbele wakati mama amejifungia jikoni. Siku mbili zilipita vizuri. Babu alikohoa kabla ya kutoka chumbani. Mama akisikia alirudi nyuma na kufunga mlango wa jiko. Hakuna aliyewafundisha. Walikuwa wamefanya hivyo miaka kumi na minne.

Siku ya tatu, kama saa moja jioni, mvua ya Machi ilishuka juu ya bati. Anayeijua mvua ya Mbeya juu ya bati jipya anajua kwamba hata ukipiga kelele husikiki. Mama alitoka jikoni na sahani ya ndizi na nyama, mimi nikiwa nyuma yake na jagi la maji. Babu naye alikwisha kukohoa, nadhani. Akatoka, akapapasa ukuta, na mkono wake ukaangukia pale pale ambapo mkono wa mtu anayepapasa huangukia. Filemoni alikuwa fundi hodari.

Taa ikawaka.

Walikuwa umbali wa hatua sita. Babu alikuwa na shati la ndani tu, amevua kofia. Mama alikuwa na kitambaa kilichoteremka mpaka shingoni. Wakaangaliana. Ninasema wakaangaliana kwa sababu niliona. Ulikuwa muda wa kuvuta pumzi moja, lakini hakuna aliyepepesa. Kisha sahani ikaanguka. Mama akavuta kanga usoni, mkono wake mwingine ukarudi nyuma mpaka kwenye swichi ya jikoni, akabonyeza. Giza.

Babu hakuona mkono wa mama. Alijua jambo moja tu, kwamba yeye ndiye aliyegusa kitu kikaleta mwanga, basi akakigusa tena ili akiondoe. Mwanga ukarudi. Mama akabonyeza, giza. Babu akabonyeza, mwanga. Kila mmoja alikuwa akijitahidi kwa nguvu zake zote kumfichia mwenzake uso, na kila mmoja alikuwa akiurudisha. Mara nne, labda tano. Mara ya mwisho babu alikuwa ameegemeza paji la uso ukutani, mikono ikiwa juu ya kichwa, na mama amechuchumaa katikati ya ndizi, kanga usoni.

Baba alitoka sebuleni akianza kucheka, halafu kicheko kikamkauka. Akamshika baba yake mkono na kumrudisha chumbani. Hakuna aliyekumbuka taa. Niliizima mimi.

Asubuhi babu alikuwa ameondoka. Tulimkuta kwa mzee Isakwisa, mtu wa kwao Masoko aliyekaa ng'ambo ya mto, amekaa barazani na mzigo wake miguuni.

"Sina ugomvi na mtu," alimwambia baba. "Lakini nyumba yako inamvua nguo mke wako mbele yangu. Nirudishe Masoko nikafie gizani."

Masoko hakukuwa na hospitali wala wa kumpikia. Baba alirudi nyumbani amekunja uso, akakaa bila kufungua redio. Mama ndiye aliyemtafuta Filemoni, ambaye alikuwa bado mjini akingoja basi la Iringa. Akamleta mpaka korido na, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, akamweleza yote.

Fundi alikaa chini sakafuni. "Mama, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Hayo hayasemwi kwa fundi."

"Bwana aliniambia unaogopa umeme."

Mama alimtazama baba. Baba alitazama viatu vyake.

"Naing'oa sasa hivi," Filemoni akasema. "Swichi zote mbili, na globu."

"Usiing'oe yote," mama akasema polepole. Alikuwa amefumba macho, kama siku zile za ndoo. "Ng'oa ya kwake. Yangu iache. Ikiwaka, mimi nipo jikoni nimefunga mlango, njia ni yake. Ikizimwa, napita mimi. Asitoke mpaka aone mwanga chini ya mlango. Mwanga macho yake bado yanauona."

Filemoni aliinuka, akachukua vifaa vyake. Alifanya kazi ile kwa nusu saa, akaziba tundu kwa saruji, na alipoondoka alisema ameweka taa nyumba nyingi ili watu waonane, hii ni ya kwanza kuiweka ili wasionane.

Baba alikwenda kumweleza babu. Siku nzima mzee alibaki barazani kwa Isakwisa. Kesho yake alichukua fimbo akarudi mwenyewe, akiongozwa na Isakwisa. Jioni mama aliwasha, akafunga mlango wa jiko, akasimama ameshika kitasa. Tulisikia mlango wa babu ukifunguka, fimbo ikapita taratibu hadi bafuni, ikarudi. Mama akahesabu pumzi zake chache, akazima, akapeleka chakula mezani.

Babu aliishi nasi miaka miwili na miezi kadhaa. Hawakuonana tena. Baba naye alifariki mwaka 1961, akiwa na miaka arobaini na mitatu, bila mvi hata moja. Nilikuwa mtu mzima nilipomwuliza mama alimwonaje babu jioni ile. Nilidhani atasema aibu.

"Nilimwona baba yako," akasema, "akiwa mzee."