Bata Wanaijua Sweta ya Hallbera

Wifi yangu Hallbera hawezi kusema uongo, na msidhani ni utakatifu. Ni uvivu. Mwenyewe anasema ukidanganya lazima ukumbuke ulichosema, na kichwa chake kimejaa bata, nafasi hakuna. Tangu niolewe na kaka yake nimemsikia akimwambia mchungaji kuwa mahubiri yalikuwa marefu, akamwambia bibi harusi kuwa gauni linambana, na mimi, siku niliyokuja kwao mara ya kwanza, akaniambia mbele ya watu, "Finna, keki yako ngumu, lakini wewe mwenyewe unafaa." Nilimnunia mpaka Krismasi.

Kila Mei anafunga nyumba yake huku bara, anapakia boti yake na kwenda kukaa Svartey, kisiwa kidogo ndani ya ghuba yetu ya Breiðafjörður. Bata wa baharini wanakuja kutaga pale kwa mamia. Jike anajinyonyoa manyoya mororo ya kifuani na kuyatandika chini ya mayai, na manyoya hayo, jamani, ukiyashika huhisi uzito wowote, unahisi joto tu. Hallbera hamsumbui bata. Anapita kiota kwa kiota, anasubiri jike ashuke mwenyewe kunyoosha miguu, anachota sehemu, anaweka majani makavu mahali pake. Mayai yakishaanguliwa ndipo anachukua yaliyobaki.

Bata nao wanapata mlinzi. Anawafukuzia kunguru na shakwe, anawajengea vibanda vya mawe na matairi chakavu, anawatundikia vibendera, na redio anawafungulia kutwa. Wanapenda taarifa ya hali ya hewa. Muziki wa vijana ukianza anabadilisha stesheni, eti unawakera bata. Mimi najua unamkera nani.

Kitu wasichokipenda ni nguo mpya. Bata wa Svartey wanamjua Hallbera kwa sweta yake ya bluu yenye viraka vya kahawia kwenye viwiko. Mikono ameifuma upya mara kadhaa, kola si ile ya kwanza, lakini rangi ni ile ile. Matajiri wa mbali wanavaa makoti yaliyojaa manyoya aliyoyachota yeye, naye anavaa kitu ambacho hata mnada wa kanisa ungekikataa. Nilimwambia siku moja, "Wifi, utazikwa na kitambara hicho."

"Ndiyo," akasema, "na bata wa huko watanijua."

Sasa, binti yangu Hugrún aliacha kazi nzuri ya ofisini Reykjavík ili ashone makoti. Nilipiga kelele, lakini yule ni mtoto wa ukoo wa baba yake, kelele humwingia sikio hili zikatokea lile. Alikuwa akizunguka kwa watu kuomba mablanketi ya sufu yaliyosahauliwa darini, anayafua, anayakata, anayashona makoti yenye vifungo vya mbao zinazotupwa na bahari. Ngozi hataki, wala manyoya ya mnyama aliyechunwa. Duka moja la mjini lilikubali kuyaweka dirishani vuli ile. Kilichobaki ni cha kujazia ndani, na hapo hakuwa na mtu mwingine ila shangazi yake. Wenye visiwa wengine walikuwa na wanunuzi wao wa miaka. Nani angempa msichana anayeanza? Shangazi aliahidi magunia yote ya msimu. Hugrún akachapisha hata lebo za kushona ndani ya kola: *Hakuna mnyama aliyedhurika.*

Mwezi wa sita tukavuka naye Svartey, yeye na kamera yake. Mtoto wangu akashuka botini na koti la rangi ya chungwa linalowaka kama taa ya mnara. Loo! Upande wote ule wa kisiwa bata waliinuka kwa pamoja, mayai yakabaki wazi, shakwe wakaanza kushuka.

"Vua!" Hallbera alimwambia kwa sauti ya chini, yenye hasira kuliko kelele. "Vua sasa hivi!"

"Shangazi, kuna baridi!"

"Baridi utapona. Vua."

Hugrún akasimama na fulana kwenye upepo, meno yanagongana, mpaka shangazi yake alipomletea sweta nyingine kuukuu, bluu vilevile. Akaivaa. Bata wakarudi mmoja mmoja, wa mwisho akiwa yule jike mzee anayetagia chini ya ngazi ya mlango. Hallbera anamwita Mama Mchungaji, kwa jinsi anavyomtazama kila mtu kana kwamba hakumwona kanisani.

Jioni, kwenye kahawa, Hugrún akatoa zawadi: kopo la mafuta ya mikono, lina picha ya sungura kwenye kifuniko.

"Sungura wa nini? Ametiwa humu?" Hallbera akauliza.

"Hapana, Shangazi! Maana yake hayakujaribiwa kwa sungura."

"Yalijaribiwa kwa nani?"

"Kwa watu. Waliokubali wenyewe."

"Una hakika? Ulikwenda kuangalia?"

"Imeandikwa hapo."

"Ahaa. Imeandikwa." Akajipaka, akanusa, akasema mazuri, yananukia kama bibi wa mjini. Tulicheka.

Kesho yake asubuhi hatukucheka. Nyuma ya ukuta wa mawe Hallbera aliwakuta majike wanane wamekatwa shingo. Hawakuliwa, wameuawa tu na kuachwa. Hakuuliza ni nani. Minki.

Minki si mnyama wa kwetu. Ni ndugu wa kicheche, ana manyoya yanayong'aa, na aliletwa nchini zamani na watu waliotaka kumfuga na kumchuna kwa ajili ya makola ya wanawake wenye nazo. Baadhi wakatoroka. Kikulacho ki nguoni mwako, nasi ni kweli alitujia kwa njia ya nguo. Kisiwa cha jirani aliingia minki mmoja tu, bata wakahama, na hadi leo hawajarudi. Mawe na matairi yapo, bata hakuna.

Hallbera akatoa mtego stoo, ule unaomaliza papo hapo, akaanza kuupaka mafuta. Hugrún akamshika mkono.

"Shangazi, mtege akiwa hai. Tutampeleka bara."

"Akafanye nini bara? Aombe kazi?"

"Tumwachie huko mbali."

"Minki anaogelea kuliko wewe, binti yangu. Asiporudi huku atapanda kisiwa kingine, awamalize bata wa mwenzangu."

"Lakini kosa si lake!"

"Najua si lake." Hallbera aliacha kupaka. "Wala si la bata. Ila mimi ndiye niliyewaambia bata kwamba hapa ni salama. Miaka yote hii nawaambia. Unataka leo niwaambie nini?"

Hugrún akamwachia mkono. Mtego ukawekwa kwenye tundu la ukuta. Siku mbili Hallbera hakuondoka karibu na hapo, akila samaki mkavu na siagi mkononi, na siku ya tatu, tukiwa kwenye chai ya asubuhi, tukasikia mlio mmoja mfupi.

Hallbera alimbeba minki kwa mikono miwili. Akapitisha kidole gumba mgongoni mwake. "Mzuri," akasema. "Ndiyo shida yake." Hakumchuna. Alimfukia kando ya wale bata wanane, akarundika mawe juu, akarudi ndani kunawa.

Bata walitulia. Mama Mchungaji hakusogea hata hatua moja siku zote zile. Vifaranga wakatoka, msimu ukaenda vizuri, na mwisho wa mwezi wa saba tukavuka tena na Hugrún kuchukua magunia. Tukaketi tukiyachambua manyoya, tukikung'uta majani na maganda ya mayai kwenye kinubi, si cha muziki, ni fremu ya mbao yenye nyuzi za kusugulia manyoya uchafu udondoke. Hugrún akatoa lebo zake amwonyeshe shangazi zilivyopendeza. Hallbera akavaa miwani.

"Hakuna mnyama aliyedhurika," akasoma. Akairudia polepole. "Na yule tuliyemfukia alikuwa nini, kabichi?"

"Shangazi, yule hahusiani na koti!"

"Hahusiani? Asingekufa yeye, gunia hili lingekuwa tupu. Amekufa kwa ajili ya manyoya haya. Mwandike."

"Nikimwandika nani atanunua? Nani anataka koti lenye maiti kwenye kola?"

Hapo nikaingilia. Mimi ni mama, na mama ana sheria zake. "Hallbera, nani atajua? Tulikuwa watatu tu hapa."

"Mimi najua."

"Nani atakuja kukuuliza wewe, huku mwisho wa dunia?"

"Mtu akiniuliza nitamwambia. Unanijua, Finna."

Nilimjua, ndiyo maana nilikasirika. Nilimwambia hapo hapo kwamba moyo wake ni jiwe, kwamba ndiyo sababu anaishi na ndege, kwamba anamvunjia mtoto maisha kwa sababu ya kicheche. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akafunga mdomo wa magunia, akayatundika tena kwenye boriti.

"Yako hapa," akamwambia Hugrún. "Yatakungoja. Njoo na maneno ya kweli, uchukue yote."

Tulivuka kurudi bara mikono mitupu. Mtoto wangu alilia kimyakimya upande wa mbele wa boti, na nilimchukia wifi yangu kwa moyo wangu wote, siwafichi.

Wiki mbili Hugrún alikaa kwangu akizungukazunguka nyumba. Makoti yalining'inia chumbani, matupu, yamelegea. Duka likapiga simu mara mbili. Nilimwambia achukue pamba yoyote ajazie, mambo yaishe. Akanikata jicho.

Kisha asubuhi moja nikamkuta mezani, mbele yake kopo lake mwenyewe la mafuta yale yale ya mikono, sungura juu. Mkononi ana mkasi mdogo. Alikuwa anafumua lebo kwenye kola, moja baada ya nyingine.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Mama, vitu vyangu vyote nanunua kwa kuamini kilichoandikwa. Rangi ya mdomo, sabuni, viatu. Siendi kuangalia." Akavuta uzi. "Nami nikiandika uongo, nitamlaumu nani akinidanganya?"

Nikachukua mkasi wa pili.

Lebo mpya alizitarizi kwa mkono wake. Akavaa ile sweta kuukuu ya bluu, akavuka Svartey peke yake, akarudi boti imejaa magunia. Nilipomuuliza shangazi yake alisema nini, akanijibu, "Alisoma, akasema 'haya', akanipa kahawa."

Lebo ilisema hivi: *Bata waliotoa manyoya haya wako hai. Minki mmoja aliuawa kwa ajili yao. Blanketi lilikuwa la mtu mwingine.*

Mwenye duka aliposoma alikunja uso kama aliyeonja maziwa yaliyochacha. Akasema hataki habari za vifo dukani mwake, akayaondoa makoti dirishani na kuyasukuma nyuma kabisa, karibu na choo. Nilikuwepo. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Hugrún hakuinamisha kichwa. Akavuta kiti akakaa pale pale karibu na choo, na kila aliyepita akamwomba asome kola.

Wengine walisoma wakaenda zao. Kijana mmoja alicheka sana kuhusu blanketi, akaondoka bila kununua. Kisha akaja mama mmoja mnene mwenye mkoba wa soko, akasoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Akamuuliza Hugrún minki alikufaje. Akaambiwa yote, mtego, mawe, kila kitu. Akalivaa koti pale pale.

"Hatimaye," akasema, "kitu kisichoniona mjinga."

Huyo mama alikuwa na mdomo, Mungu ambariki. Wiki iliyofuata wakaja dada zake, wakaja majirani zake, na kufikia Krismasi mwenye duka alikuwa ameyarudisha makoti dirishani yeye mwenyewe, akijidai ndiye aliyegundua. Thubutu! Nilimwacha ajidai. Koti la mwisho liliondoka theluji ikiwa bado barabarani.

Si la mwisho hasa. Moja Hugrún alilificha. Mei ilipofika tukavuka naye kwenda Svartey, akalitoa kwenye mfuko: koti la blanketi la bluu, bluu ile ile, na kwenye viwiko amelishonea viraka vya kahawia. Viraka kwenye koti jipya! Nilitaka kucheka, nikaona uso wa Hallbera, nikanyamaza.

Alivaa miwani, akageuza kola, akasoma lebo mpaka mwisho. Akavua sweta yake, akavaa koti, akafunga vifungo vyote. Kisha akatoka nje, nasi tukabaki mlangoni tumeshikana mikono, maana koti la Hugrún lilikuwa halijapimwa na bata wenyewe.

Hallbera akashuka ngazi. Mama Mchungaji akanyanyua shingo. Akalitazama lile koti, akatazama viwiko, akatazama juu usoni, taratibu, kama anavyotazama watu wote. Redioni mtu alikuwa anasoma hali ya hewa ya pwani ya magharibi. Bata akajikunyata, akarudisha mdomo chini ya bawa. Hallbera akaendelea kutembea kati ya viota, mpaka mwisho wa kisiwa na kurudi, wala hakuna bata hata mmoja aliyeinuka.

Alipofika mlangoni machozi yalikuwa yanamlengalenga, na akasema ni upepo. Ndiyo mara pekee niliyomsikia akidanganya.

"Mkono wa kushoto umezidi kidogo," akamwambia Hugrún.

"Lete nikupunguzie, Shangazi."

"Thubutu kunivua," akasema, na hakulivua mpaka vifaranga walipoingia majini.