Ukuta Tuliomtolea Bibi

Mwaka 1907 nilikuwa na miaka tisa, na hapo ndipo shida yangu ilipoanza. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimetumaliza. Baba alinyongwa, mashamba yalichomwa, nasi tuliobaki hai tukaletwa bomani Songea kumfanyia Mjerumani kazi kwa kibaba cha unga.

Alitujengesha nyumba zetu wenyewe. Sisi tulizoea kila nyumba kusimama peke yake, duara, na uwanja wake. Yeye alitaka mstari: chumba kimeshikana na chumba, ukuta mmoja wa udongo kwa majirani wawili, milango yote inatazama upande mmoja ili msimamizi aione kwa mkupuo. Mgongo wa mstari uliegemea mawe ya boma. Aliyeipanga nyumba ile hakufikiri kwamba ndani yake watu watakufa.

Bibi, mama yake baba, akafa kwa njaa. Katika ukoo wetu maiti hakutolewa mlangoni. Mlango ni wa wanaorudi. Ulikuwa unatobolewa ukuta wa nyuma, maiti anapita, panazibwa. Sasa nyuma kuna mawe. Ilibaki njia moja: kupita chumba cha jirani, kisha chumba cha mwisho kilichokuwa kitupu, tutokee ubavuni.

Jirani alikuwa mjane kutoka Lusewa, hapatani na mama kwa sababu ya moshi wa jiko letu. Mama akamwomba. Yule akauliza kama mama ana akili, kupitisha kifo juu ya mkeka wa mtu.

"Mume wako na wangu walitupwa shimo moja," kisha akasema. "Hawakutolewa mlangoni wala ukutani. Huyu apite. Ila asiamke kunidai ugali, sina."

Akakunja mkeka, akachukua jembe, akaanza kutoboa upande wake. Tulimtoa bibi wakati msimamizi yuko kwenye machimbo ya mawe na wanaume.

Aliporudi akaona matundu kabla hatujayaziba. Mama alichapwa viboko mbele ya mstari wote.

"Chapa," mama akamwambia. "Ameshatoka."

Mimi shule niliiona kwa nje tu. Nimelima tumbaku mpaka mgongo ukapinda, na hakuna aliyenipa kitu. Leo nina shamba la mahindi Matogoro, mbuzi sita, cherehani moja, na vyumba vitatu vya mwisho vya mstari ule nilivyovinunua, chetu, cha mjane na kile kilichokuwa kitupu, vyenye viraka vya udongo ukutani. Viraka sivipaki chokaa.